Uliza Fundi Vipimo: Kumi inazidije kumi?

Toleo lililopita nilijibu swali la vernia kalipa, nikadokeza kwamba kitundu kwenye karatasi ya shabaha huwa kidogo kuliko risasi iliyokitoboa. Nilikuwa napita tu. Kumbe nimechokoza mzinga, na nyuki wa Tanga mnawajua, wale waliovuruga mapigano hapa Novemba 1914. Barua zimejaa shabaha, shabaha, shabaha. Basi safari hii ukurasa wote ni wa mambo hayo. Kwa wasionifahamu: nimekula mshahara wa karakana ya reli hapa Tanga, kwenye mashine ya lethi, na kabla ya hapo nilikuwa kijana wa JKT Maramba, ambako walinipanga kwenye shimo la shabaha. Kazi ya shimoni ni kushusha shabaha, kutafuta vitundu, kuonyesha kwa fimbo na kubandika viraka huku wenzako wanapiga juu ya kichwa chako. Nimeziona pete kwa karibu kuliko waliokuwa wanazilenga.

*Shikamoo Fundi. Wakati wa Olimpiki ya Paris 2024 tulikuwa kibanda umiza hapa Ngamiani. Wasichana wawili wa bunduki walilingana hadi mwisho, wakaongezewa risasi moja moja. Mmoja akapata 10.4, mwingine 10.3, wa 10.4 akabeba dhahabu. Mimi najua pete ya katikati ni kumi na hakuna ya juu zaidi. Hiyo 10.4 imetoka wapi? Na hiyo nukta moja waliyozidiana ni kiasi gani kwa jicho? — Msomaji, Ngamiani*

Marahaba. Uliowaona ni Ban Hyojin wa Korea Kusini, aliyekuwa na miaka 16, na Huang Yuting wa China, bunduki ya upepo mita 10. Baada ya risasi 24 za fainali kila mmoja alikuwa na 251.8. Hapo ndipo wakaongezewa risasi moja.

Anza na karatasi yenyewe. Kwenye shabaha ya bunduki ya upepo, kumi si pete hata kidogo. Ni nukta nyeupe yenye kipenyo cha milimita 0.5, kama umegusa karatasi kwa ncha ya kalamu ukainua. Pete ya 9 inayoizunguka ina kipenyo cha milimita 5.5, ya 8 ni 10.5, na kila unapotoka nje unaongeza milimita 5, hadi pete ya 1 yenye milimita 45.5. Shabaha nzima inafunikwa na kifuniko cha chupa ya asali.

Sasa chukua risasi. Kipenyo chake ni milimita 4.5, yaani ni pana mara tisa kuliko ile nukta inayolengwa. Huwezi kuiweka risasi ndani ya kumi hata ukiibandika kwa mkono. Ndiyo maana kanuni haisemi risasi iingie ndani ya pete. Inasema ukingo wake ukigusa tu mstari wa pete, unapewa thamani ya pete hiyo.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tulia na rula yako. Nusu kipenyo cha nukta ni 0.25. Nusu kipenyo cha risasi ni 2.25. Jumlisha: 2.5. Maana yake, kitovu cha risasi kikitua popote ndani ya milimita 2.5 kutoka kitovu cha shabaha, ukingo utagusa nukta na utapata kumi. Fanya hivyo hivyo kwa pete ya 9: 2.75 na 2.25, jumla 5.0. Ya 8 inatoa 7.5. Umeona? Kila pete ni hatua ya milimita 2.5 ya kitovu cha risasi. Aliyepanga vipimo hivi alipanga karatasi na risasi kwa pamoja, na ukitazama kimoja bila kingine hutaelewa kitu.

Sasa ile hatua ya milimita 2.5 igawe kwa kumi. Kila kipande ni milimita 0.25, robo ya milimita. Kitovu cha risasi kikiwa ndani ya robo ya kwanza, ni 10.9. Robo ya pili, 10.8. Endelea kushuka hadi robo ya kumi, ambayo ni 10.0. Hakuna 11, maana hakuna robo iliyo ndani zaidi ya ile ya kwanza.

Kwa hiyo risasi ya Ban, ile 10.4, ilitua kati ya milimita 1.25 na 1.5 kutoka kitovu. Ya Huang, 10.3, kati ya 1.5 na 1.75. Umeuliza ni kiasi gani kwa jicho: pima unene wa karatasi mbili na nusu za fotokopi. Na angalia jambo ambalo televisheni haikukwambia. Inawezekana mmoja alikuwa mwishoni kabisa mwa robo yake na mwenzake mwanzoni mwa ya kwake, wakatofautiana kwa unywele. Inawezekana pia walitofautiana karibu nusu milimita. Ubao unaonyesha tofauti ya 0.1 tu kwa hali zote mbili.

Ukitaka kujua wenyewe wako wapi, mshindi wa wanaume Paris, Sheng Lihao wa China, alipata 252.2 kwa risasi 24. Kiwango cha juu kabisa ni 261.6. Gawanya na utaona wastani wake ni 10.5 na chenji kidogo, yaani risasi baada ya risasi kitovu kinatua karibu na milimita moja na robo. Amesimama wima, bila kuegemea chochote.

Zamani mchujo ulihesabiwa kwa namba nzima, desimali zikaachiwa fainali. Abhinav Bindra, Mhindi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja, alishinda hivyo Beijing 2008: 596 za mchujo, akaongeza 104.5 za fainali, jumla 700.5. Risasi yake ya mwisho ilikuwa 10.8, na Mfini waliyekuwa wamelingana, Henri Häkkinen, akapiga 9.7. Tangu 2013 desimali zimeingia hadi kwenye mchujo wa bunduki ya upepo, risasi 60, juu kabisa 654.0. Wapo wanaolalamika kwamba ni kuchambua mno. Mimi naona ni haki. Walifikia mahali wapigaji wa juu wanapata 598, 599, hata 600 kamili, na rula ambayo watu wote bora wanaifikia mwisho haipimi tena.

*Fundi, naomba uniamulie. Mume wangu na wenzake wa barazani hapa Chumbageni wamesikia kwamba shabaha ya mita 300 ina upana wa mita nzima. Sasa kila jioni kelele kwamba huo ni mchezo wa watoto, mita nzima nani ataikosa, eti ya mita 10 ndiyo ya wanaume. Kahawa inapoa, kashata zinaisha, hawajamaliza. — Mama mwenye nyumba*

Pole dada yangu. Waambie wamesema kweli kwenye kipimo, wamekosea kwenye maana.

Ni kweli pete ya 1 ya shabaha ya mita 300 ina kipenyo cha milimita 1,000, na kumi yake ni milimita 100. Ya mita 50 kumi yake ni milimita 10.4 na pete ya 1 ni 154.4. Lakini kitu kilicho mbali kinasinyaa machoni, hilo hata wao wanalijua wakiangalia majahazi yakitoka bandarini. Njia ya haki ni kuzileta shabaha zote kwenye mita 10. Ya mita 300 igawe kwa 30: ile mita nzima inabaki milimita 33. Hiyo ni ndogo kuliko shabaha ya bunduki ya upepo yenye 45.5! Sehemu nyeusi, ambayo ndiyo mpigaji anaiona kupitia vitazamio, ni milimita 600 kule. Ukigawa unapata 20. Ya mita 50 ni 112.4, ukigawa kwa 5 ni kama 22.5. Ya mita 10 ni 30.5. Kwa hiyo kadiri unavyokwenda mbali, doa jeusi linazidi kuwa dogo machoni, ingawa karatasi inazidi kuwa kubwa.

Na kumi yenyewe? Hapa usisahau risasi. Mita 50 wanatumia risasi ya milimita 5.6. Kumi ya 10.4 ukijumlisha na risasi unapata duara la milimita 16 ambalo kitovu kinaruhusiwa kutua. Gawa kwa 5, ni 3.2. Mita 300 risasi inaruhusiwa hadi milimita 8, kwa hiyo duara ni 108, gawa kwa 30, ni 3.6. Mita 10 duara ni milimita 5 kamili. Kwa jometri peke yake, kumi iliyo ngumu kuliko zote tatu ni ya mita 50, si ile ambayo baraza linaigombania.

Halafu ongeza upepo. Mita 10 hupigwa ndani ya ukumbi. Mita 50 na 300 risasi inapita nje, na yeyote aliyewahi kusimama Raskazone kusi ikivuma anajua upepo hauji kwa nguvu moja. Mpigaji wa mita 300 anatazama vibendera vya uwanjani kama nahodha anavyotazama tanga. Waambie wanywe kahawa.

*Salaam Fundi. Mjomba wangu ana bunduki ya upepo, kibali anacho. Tukipiga karatasi tunagombana: kitundu kimegusa mstari au hakijagusa? Mimi nasema kama sehemu kubwa ya kitundu iko nje, ihesabiwe ya nje. Nani yuko sahihi? — Msomaji, Pangani*

Sehemu kubwa haina kura. Ukigusa, umepata ya juu. Mjomba yuko sahihi kama anasema hivyo, na kama hasemi hivyo, basi nyote wawili mjifunze.

Lakini ugomvi wenu una msingi wake, nao ndio ule niliodokeza toleo lililopita. Karatasi haikatwi na risasi, inachanika. Nyuzi zake zinasukumwa nyuma, halafu zinarudi kidogo. Ukipima kitundu unapata pungufu ya 4.5, na kingo zake ni za manyoya. Kitundu kinaonekana hakijagusa mstari wakati risasi yenyewe ilipopita iliugusa. Ukihukumu kwa macho utamdhulumu mpigaji kila mara, na hasa ukitumia karatasi nyembamba.

Waamuzi wa shabaha za karatasi wana kifaa kidogo cha chuma kwa ajili hii. Nilipokiona mara ya kwanza nilikishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana ni kazi nzuri ya lethi. Ni shina lenye unene wa risasi, na kwenye shina kuna kisahani chembamba chenye kipenyo cha milimita 5.5, ukingo wake umenyooka hauna kovu. Shina linaingia kitunduni, kisahani kinalala juu ya karatasi. Sasa tazama akili ya mtu: mwamuzi hautazami tena ule mstari mnaougombania. Ule umeshaliwa na risasi, ushahidi umeharibika. Anatazama mstari wa pete ya pili kutoka huo, kwa nje, ambao bado ni mzima. Mnabishania 10 au 9? Anatazama mstari wa pete ya 8. Kisahani kikilala chote ndani ya mstari huo, ni 10. Kikivuka, ni 9. Mnabishania 9 au 8? Anatazama pete ya 7. Pigeni hesabu wenyewe: kitovu kikiwa milimita 2.5 kutoka katikati, ongeza nusu ya kisahani, 2.75, unapata 5.25, na hiyo ndiyo nusu kipenyo ya pete ya 8 kwa usahihi wake.

Kifaa kinaingizwa mara moja tu, na mwamuzi, si mpigaji. Kila kinapoingia kinapanua kitundu, kwa hiyo mara ya pili kinapima kazi yake chenyewe. Anatumia lenzi na taa nzuri na hakiinamishi. Nyinyi Pangani mmekuwa mnatumia kucha.

Kitu kimoja cha ziada mtakachokutana nacho: kumi ya ndani. Kwenye karatasi, ile nukta nyeupe ikimezwa yote isibaki hata punje, hiyo ni kumi ya ndani, na kwa desimali huanzia 10.2. Inasaidia kutenganisha waliolingana pale wanapohesabu kwa namba nzima.

*Fundi, mimi nilipitia JKT, kambi sitaitaja. Afande hakutuhesabia pointi. Alikuwa anasema "nataka kundi!" Risasi zangu tano zilikaa pamoja kabisa lakini pembeni, kushoto chini, na akanisifu. Mwenzangu alipata moja katikati kabisa, nyingine zimetawanyika, akafokewa. Hiyo ilikuwa haki? — Mzee kijana, Korogwe*

Haki tupu. Pointi zinajibu swali la risasi ilitua wapi. Kundi linajibu swali jingine: mpigaji anarudia kitu kile kile kila mara? Ukiwa na kundi dogo lililokaa pembeni, tatizo liko kwenye vitazamio, na vitazamio vina skrubu. Mwenzako tatizo lake liko kwenye mabega, pumzi na kidole, na hayo hayana skrubu. Ile moja ya katikati ilikuwa imepotea njia tu.

Kundi hupimwa hivi: tafuta vitundu viwili vilivyo mbali zaidi kimoja na kingine, pima kutoka ukingo wa nje wa hiki hadi ukingo wa nje wa kile, halafu toa kipenyo cha risasi moja. Ukipata milimita 68 kwa risasi ya 7.62, kundi lako ni kama milimita 60, kitovu hadi kitovu. Wengi wanasahau kutoa, wakajidhulumu wenyewe.

Na ukitaka kulinganisha kundi la mita 100 na la mita 300 tumia dakika ya pembe. Nyuzi moja ina dakika 60, na dakika moja kwenye mita 100 inafunika kama milimita 29. Kwenye mita 300 inafunika 87, kwenye mita 10 haifiki hata 3. Skrubu za vitazamio vingi zimekatwa kwa vipande vya dakika hiyo, kila mlio wa "ta" ni kipande chake. Afande aliyehesabu milio hiyo kimoyomoyo huku anakuangalia ndiye afande wa kweli.

*Fundi Vipimo, kule Olimpiki sikuona mtu akikimbilia karatasi. Alama inatokea kwenye ubao papo hapo. Kuna kamera? — Mwanafunzi, Tanga mjini*

Kamera za televisheni zipo, lakini alama haitoki huko. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya sauti: ndani ya sanduku la shabaha kuna maikrofoni pembeni, na risasi inapotoboa, mlio unafika kwenye kila maikrofoni kwa wakati tofauti kidogo. Kompyuta inalinganisha tofauti hizo na kupata mahali. Sauti inakwenda mita 340 na zaidi kwa sekunde, na hukimbia zaidi joto likipanda, kwa hiyo mashine lazima ijue joto la humo ndani. Weka mashine iliyorekebishwa kwa baridi ya Ulaya kwenye ukumbi wa Tanga mwezi wa Februari bila kipimajoto, uone vituko. Njia ya pili ni ya mwanga: miale inavuka sanduku kwa wima na kwa ulalo, risasi inapopita inakatiza baadhi yake, na mashine inasoma kivuli. SIUS ya Uswisi ndiyo imejenga jina kwa mashine za mashindano makubwa.

Zingatia kwamba mashine haijui habari ya kugusa mstari. Kwake hakuna mstari, kuna kitovu cha risasi na umbali tu. Pete unazoziona kwenye skrini zimechorwa kwa ajili yako wewe. Lakini hesabu ile ile ya 2.5 na 0.25 ndiyo inayofanya matokeo yake yalingane na ya mwamuzi mwenye kisahani.

*Je, mtu akipiga shabaha ya jirani kwa bahati mbaya, na ikawa kumi, anahesabiwa? — Msomaji, Muheza*

Hahesabiwi. Anaandikiwa sifuri. Jirani naye haongezewi kitu, ila ikishindikana kujua ipi ni yake kati ya mbili, anapewa iliyo kubwa.

Muulize Matt Emmons wa Marekani. Athens 2004, mita 50 mikao mitatu (kupiga goti, kulala, kusimama), anaongoza vizuri, imebaki risasi moja. Akapiga, ubao wake ukabaki mtupu. Risasi ilikuwa kwenye shabaha ya Mwaustria Christian Planer, na ilitua 8.1. Ingekuwa kwenye shabaha yake mwenyewe, dhahabu ilikuwa mkononi. Akaporomoka hadi wa nane, Jia Zhanbo wa China akachukua. Miaka minne baadaye, Beijing, yule yule, mchezo ule ule, anaongoza, risasi ya mwisho: 4.4. Nne! Watu hucheka kisa hiki, mimi huwa sicheki. Katikati ya visa hivyo viwili alimwoa Kateřina, mpigaji wa Jamhuri ya Czech aliyekwenda kumfariji Athens, na Beijing mke huyo ndiye aliyepata medali ya dhahabu ya kwanza ya michezo ile. Basi nyumba haikukosa.

*Babu Fundi, wale wanaoteleza kwenye theluji na bunduki mgongoni, mbona hawahesabiwi pete? — Mjukuu wako, darasa la sita*

Mjukuu wangu, wale hupata au hukosa, hakuna nusu. Wako mita 50. Wakilala, lazima wagonge duara la milimita 45. Wakisimama, milimita 115. Ni shabaha tano kwa zamu, na ikigongwa inageuka nyeupe. Wakikosa moja, mara nyingi wanazungushwa mita 150 za adhabu kwenye theluji, na mapafu tayari yanawaka.

*Fundi, nina duka la steshenari, Barabara ya 12. Kijana ameniletea karatasi ya shabaha nimtolee fotokopi mia. Amerudi analalamika kwamba ni ndogo. Mimi naona ziko sawa kabisa. — Mwenye duka*

Umepima au umeona tu? Chukua rula, weka kwenye pete ya nje ya karatasi yake ya asili: inatakiwa milimita 45.5. Sasa weka kwenye yako. Nina hakika karibu utakuta 44 na kitu. Mashine nyingi, ukiacha ile sehemu ya kutoshea ukurasa ikiwa imewashwa, hupunguza hadi asilimia 97 hivi bila kukuuliza. Kwa barua ya maombi ya kazi hakuna atakayegundua. Kwa shabaha, ile hatua ya milimita 2.5 imeshuka, lakini risasi ya kijana haikupungua pamoja nayo, kwa hiyo matokeo yake hayafanani na ya mtu mwingine yeyote. Zima hiyo, weka asilimia 100, toa moja, pima, ndipo utoe nyingine. Pima wima na ulalo, maana mashine iliyochoka hutoa yai badala ya duara.

Na umshauri achukue manila badala ya karatasi ya gramu 80. Manila inakatika kwa ukingo safi, ya gramu 80 inachanika kama nyota na hakuna kisahani kitakachookoa hapo. Itamgharimu zaidi, ndiyo. Akatae mwenyewe.

*Na hicho kisahani cha kupimia, kwa hapa Tanga kinapatikana duka gani? — Msomaji, Pongwe*

Duka sijaliona. Nenda kwa fundi yeyote wa lethi mwenye subira, mpe kipande cha chuma na vipimo hivi: shina la milimita 4.5 linaloteleza kitunduni bila kulegea, kisahani cha 5.5, ukingo mwembamba kama nusu milimita. Akikwambia "hiyo tofauti ndogo haina neno", chukua chuma chako uondoke.